"Mihemko" si Kila Hisia: Juu ya Istilahi za Malezi ya Vijana

Kimetufikia kijitabu kidogo kilichoandikwa kwa ajili ya walimu wa malezi katika shule za sekondari. Kinaeleza hisia za vijana, namna ya kuzitambua, na namna ya kumsaidia mwanafunzi aliyelemewa na masomo au na mambo ya nyumbani. Ofisi iliyokitoa hatutaitaja, kwa sababu makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Yamo katika tafsiri nyingi za namna hii, na huenda baadhi yake tuliyafanya sisi wenyewe zamani. Nia ya kijitabu ni njema, na chapa yake ni safi. Tunachokitilia shaka ni maneno yake.

Kijitabu hiki tulikisoma Nyasura, mjini Bunda, pamoja na walimu watatu na mzazi mmoja. Hatukuenda huko kwa bahati. Nyasura ni kata ya mji ulio katika barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, na watoto wa mji huo hutoka katika nyumba zinazosema Kijita, Kiikizu, Kisukuma, Kikurya, Kijaluo na lugha nyingine za Mara. Kiswahili kwao ni lugha ya shule, ya soko na ya urafiki, na wengi wanakijua vizuri sana. Lakini si Kiswahili kilichonyonywa na maziwa ya mama katika mitaa ya Unguja au Mombasa. Aidha, mtoto afikapo kidato cha kwanza hufundishwa masomo yake mengi kwa Kiingereza, hata Kiswahili kikabaki kuwa lugha ambayo kwayo humweleza mwalimu wa malezi yaliyo moyoni. Basi istilahi isiyoeleweka hapo, hata ikiwa imesanifiwa kwa ustadi, haijatimiza kazi yake.

Tuanze na neno lililotuchelewesha kuliko yote. Kijitabu kinatumia "mihemko" kwa hisia za kila aina. Furaha ni mhemko, huzuni ni mhemko, haya ni mhemko, na kijana anaelezwa kuwa "mtu aliye katika kipindi cha mihemko". Mwalimu mmoja, aliposoma sentensi hiyo, alisema mara moja kwamba sura ile inahusu utovu wa nidhamu. Hakuwa amekosea. Katika mazungumzo yetu ya kila siku anayeambiwa "acha mihemko" anakaripiwa. Anaambiwa kwamba amesema au ametenda pasipo kufikiri. Neno hili limezoeleka sana katika lugha ya mikutano ya siasa na katika magazeti, na huko kote linakwenda pamoja na jazba na munkari. Msikilizaji hawezi kuyasahau hayo yote ati kwa sababu mfasiri ameandika katika ukurasa wa 2 kwamba neno limepewa maana mpya.

Hapa ndipo tafsiri inapogeuka kuwa jambo zito. Msichana wa kidato cha pili anayelia darasani kwa kuwa baba yake amefariki, akiandikwa katika daftari la mlezi kwamba "ana mihemko", amekwisha kuhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Mwandishi wa lugha ya asili alikuwa ametumia neno lisilo na lawama. Mfasiri ameliingiza lawama pasipo kujua, na mwalimu atakayelisoma daftari hilo mwaka ujao atamtazama mtoto huyo kwa jicho la lawama.

Kwa maoni yetu neno "hisia" latosha kwa jumla ya mambo haya, na "mhemko" libaki pale linapostahili, yaani hisia kali ya ghafla inayomshinda mtu kujizuia. Hatuoni sababu ya kuogopa kwamba "hisia" ni neno la kawaida mno. Wafasiri wetu wana ugonjwa wa kudhani kwamba neno lisilomshangaza msomaji si istilahi.

Tena, chini ya neno hilo la jumla Kiswahili kina hazina kubwa ambayo kijitabu hakikuigusa. Hofu si wahaka, wala wahaka si fadhaa. Kimuyemuye cha mtoto anayengoja matokeo ya mtihani si sawa na kiwewe cha mtoto aliyeona nyumba ikiungua. Hamaki huja na kupita, kinyongo hukaa. Kihoro ni huzuni yenye mshtuko ya aliyepotewa na kitu au na mtu. Kununa ni hali ambayo kila mwalimu wa vijana anaijua, na haimo katika kijitabu hata mara moja. Wataalamu wa elimu ya nafsi hutuambia kwamba kijana anayeweza kuipambanua hisia yake na kuitaja kwa jina huwa amepiga hatua ya kuimudu. Ikiwa ndivyo, basi kumpa neno moja mahali pa kumi ni kumnyima chombo. Na asiseme mtu kwamba lugha yetu haiwezi. Kutoka Nyasura hadi Butiama si safari ndefu, na aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, Mwalimu Julius Nyerere, alizifasiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya Julius Caesar iliyotoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi iliyotoka mwaka 1969. Kazi hizo zimejaa wivu, kisasi, woga, mapenzi na majuto, na Kiswahili hakikushindwa kuyabeba.

Neno la pili ni "kudhibiti". Sura nzima ya kijitabu inaitwa "Kudhibiti Hisia". Tunadhibiti magendo, mafuriko na maradhi ya mlipuko. Tunachodhibiti ni kiovu, au ni hatari. Katika mkoa wa Mara neno hilo linaangukia mahali palipokwisha kulimwa. Kwa Wakurya kijana wa kiume anayetahiriwa kimila hutazamiwa asipepese jicho, na ushujaa huo ni heshima ya nyumba yake. Hatuidharau adabu hiyo ya kuvumilia; ina mahali pake. Lakini mwandishi wa asili hakukusudia uvumilivu huo. Alikusudia kwamba kijana aitambue hasira yake, aseme kwamba amekasirika, kisha achague la kutenda. Mwalimu aliyesoma "dhibiti hisia zako" alitueleza kwamba angemwambia mwanafunzi ajikaze na apige moyo konde. Hiyo ni kinyume kabisa cha shauri lililofasiriwa! Kitenzi kifaacho kipo, nacho ni "kumudu". Anayeumudu mzigo hakuutupa wala hakujifanya haupo. Tunapendekeza "kumudu hisia", na pale penye haja ya upole zaidi, "kutuliza".

Sasa tufikie "msongo". Istilahi "msongo wa mawazo" imekwisha kuenea katika redio, magazeti na hospitali, na hatupendekezi iondolewe. Kwa hakika ni miongoni mwa istilahi zilizoundwa vizuri. Kitenzi "songa" hutupa kubana na kusukumana, hutupa msongamano wa watu mlangoni, na kila mtoto wa kando ya Ziwa anajua maana ya kusonga ugali wa udaga, jinsi mwiko unavyozidi kuwa mzito kadiri unga unavyoongezwa. Neno la Kiingereza linalofasiriwa hapa nalo lilitoka katika ufundi wa vyuma na madaraja. Aliyelivusha kwenda katika elimu ya mwili ni Hans Selye, ambaye uchunguzi wake wa kwanza ulichapishwa mwaka 1936. Naye baadaye alikiri kwamba, kama Kiingereza chake kingekuwa bora, angechagua neno jingine, lile linalotaja jinsi kitu kinavyoathirika kwa kukazwa, si ule mkazo wenyewe. Wenye lugha kubwa nao hukosea, na makosa yao huzunguka dunia nzima. Sisi hatukufungwa kuyafasiri. Neno "mkazo" tumekwisha kulitumia katika isimu, na katika fizikia tuna "kanieneo"; kwa hiyo "msongo wa mawazo" ubaki katika mambo ya nafsi, na usikatwe ukawa "msongo" mtupu kama kijitabu kinavyofanya.

Tatizo liko mahali pengine. Kijitabu kina maswali ambayo mwalimu amwulize mwanafunzi, na la kwanza ni: "Je, una msongo?" Mwalimu mmoja alitusimulia kwamba alilijaribu kwa wanafunzi kadhaa, na karibu wote walijibu hapana. Siku ya pili aliwauliza kwa namna yake mwenyewe: "Una mawazo?" Hapo wakasema. Mmoja alizungumza habari za ada, mwingine habari za ndoa anayoandaliwa, mwingine mtihani wa Taifa. Katika Kiswahili cha watu "kuwa na mawazo" si kuwa na fikra, ni kusumbuka. Lugha imekwisha kufanya kazi ambayo sisi tumekaa kuitafutia neno.

Jambo hili si la Waswahili peke yao. Nchini Zimbabwe Washona husema "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, kwa hali ambayo madaktari waliita kwa majina mawili au matatu ya kigeni. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliunda huko hojaji ya maswali 14 iliyotokana na maneno ya Kishona yenyewe. Mradi wa Benchi la Urafiki, ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mjini Harare mwaka 2006, uliwapa mabibi wa mitaani kazi ya kukaa na wagonjwa na kuzungumza nao kwa lugha hiyo hiyo. Matokeo ya uchunguzi wake yalichapishwa mwaka 2016, nayo yalionyesha nafuu kubwa kwa waliohudumiwa. Mabibi hao hawakufundishwa kwanza istilahi ndipo wasikilize.

Kwa hiyo twapendekeza utengano ulio wazi. Katika vichwa vya habari na katika taarifa za kiofisi liandikwe "msongo wa mawazo". Katika swali la kumwuliza mtoto litumike "mawazo". Na vyote viwili vitengwe na "sonona", neno ambalo siku hizi hutumiwa na waganga wetu kwa ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, lenye undugu na "kusononeka". Kijitabu kinaliita hili nalo "msongo", na hapa hatuwezi kuwa wapole. Mtoto mwenye mawazo ya mtihani hupata nafuu mtihani ukipita. Mwenye sonona haponi kwa kupita mtihani, naye hupaswa kupelekwa kwa daktari. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kati ya watu 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili; mwalimu mwenye wanafunzi 50 darasani hana haki ya kupewa neno moja kwa mambo mawili ya namna hiyo.

Yafaa pia kukumbuka kwamba wengi hawasemi "akili" wala "mawazo", husema kiungo. Moyo umekuwa mzito, moyo unakwenda mbio, umenikata maini. Katika lugha nyingi za Kibantu neno lenye mzizi mmoja na "moyo" hufanya kazi hiyo hiyo, na Wajaluo, ambao si Wabantu, husema "chuny", ambalo ni ini na ni nafsi pia. Mlezi asiyejua hili atamwandikia mtoto barua ya kwenda kupimwa moyo. Sera yetu ya istilahi husema tutafute kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, ndipo twende ng'ambo. Kwa njia hiyo tulipata "ikulu" na "ngeli". Katika mambo ya nafsi tumeiruka ngazi hiyo.

Yaliyobaki ni machache. "Vijana balehe" tunaliona ni neno lisilotulia: balehe ni kizingiti ambacho mtu huvuka, na akivuka huhesabiwa kuwa mtu mzima katika ibada, ilhali kinachotajwa hapa ni miaka mingi ya kukua. "Vijana wa rika la balehe" lina afadhali. Na "akili hisia", istilahi iliyotafsiriwa kutoka kwa Salovey na Mayer, walioieleza mwaka 1990, na kutangazwa na kitabu cha Daniel Goleman cha mwaka 1995, inahitaji angalau kiunganishi chake: "akili ya hisia". Kuna wanaopenda "utambuzi wa hisia", lakini utambuzi ni sehemu tu ya jambo, maana kumudu nako kumo. Ubishi wetu hapa si mkali. Siku hizi hata mashine zimepewa akili mnemba. Hisia nazo zaweza kukopeshwa neno hilo.

Tumewaandikia wachapaji wa kijitabu haya yote. Yule mzazi wa Nyasura alikuwa kimya muda mwingi, kisha akauliza kama toleo lijalo litakuwa na ukurasa mtupu, ili mwalimu aandike maneno yale ambayo wanafunzi wenyewe wameyatumia. Sisi hatukuwa tumeliwaza jambo hilo. Tumeliweka la kwanza katika orodha ya mapendekezo, na walimu wa wilaya nyingine walio na maneno ya namna hiyo tunawaomba watuletee.