Fundi Anayeihoji Redio Kuukuu

Kwa asiyeijua, kazi ya kukagua simu ya upepo ya mtumba huonekana nyepesi: iwashe, bonyeza kitufe, sema, ukisikika basi inafaa. Fundi mzuri haishii hapo. Anajua kuwa redio inayosikika vizuri leo inaweza kuwa bure siku mpangilio wa masafa utakapobadilika, na ustadi wake ni kuligundua hilo kabla mnunuzi hajatoa pesa.

Marekani ililipitia jambo hili nchi nzima. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, iliagiza kwamba ifikapo 1 Januari 2013 polisi, zimamoto, viwanda na wengine wenye leseni kati ya MHz 150 na 174, na kati ya MHz 421 na 470, wawe wamehama kutoka chaneli zenye upana wa kHz 25 kwenda za kHz 12.5. Watumiaji wanaongezeka ilhali masafa ni yaleyale, hivyo chaneli zikabanwa ili wengi wapate nafasi. Kikosi cha zimamoto cha kujitolea chenye fedha haba kikitaka redio za mtumba, kilihitaji mtu wa kuzihoji.

Mtu huyo huanza kwa kusoma, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Bisibisi bado iko mezani. Anachomoa betri, anafuta vumbi kwenye lebo, anaisoma namba herufi kwa herufi. Chukua Motorola HT750 yenye namba AAH25KDC9AA3. H inamwambia ni redio ya mkononi. K ni VHF, MHz 136 hadi 174. Ingekuwa R, ingekuwa ya UHF, na hakuna programu ambayo ingeihamishia VHF. Ile 9 inamwambia upana wa chaneli unaweza kupangwa.

Kisha anaitafuta namba ya FCC iliyo kwenye lebo hiyohiyo, maana ndiyo inayomfikisha kwenye cheti cha redio. Humo anatafuta alama kama 11K2F3E, ya sauti katika chaneli nyembamba. Akikuta 16K0F3E peke yake, redio inarudi sandukuni hata kama inang'aa. Redio zilizoidhinishwa baada ya 14 Februari 1997 zilitakiwa ziweze kutumia kHz 12.5, kwa hiyo za kabla ya hapo huzitazama kwa shaka zaidi.

Redio iliyopita lebo huunganishwa na kompyuta. Kabla ya kugusa chochote anahifadhi nakala ya mipangilio yake. Baadhi ya redio za zamani hukubali programu za DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani, tu, kwa hiyo fundi huitunza kompyuta kongwe ambayo wengine wangeitupa.

Zamu ya vipimo ndiyo inayotaka subira. Sauti inapopanda, mawimbi huyumba kushoto na kulia kwa masafa ya chaneli. Mwisho wa kuyumba huko sasa ni kHz 2.5, sio 5 ya zamani. Mwenye haraka hupunguza kuyumba huko kwenye bodi akaona amemaliza. Lakini kichujio cha kupokelea kimebaki kipana, kinakusanya kelele za chaneli jirani, na cheti cha redio hakijabadilika. Fundi hupima pande zote mbili, kutuma na kupokea. Hupima pia kama redio imesimama kwenye masafa yake: kosa la sehemu 2.5 kwa milioni kwenye MHz 460 ni Hz 1,150, na kadiri chaneli inavyobanwa ndivyo kosa kama hilo linavyozidi kuharibu maneno. Redio ikishapata joto, anapima tena.

Mwisho huzizungumzisha zote pamoja. Redio moja ikibaki kwenye upana wa zamani, aliyeishika huwasikia wenzake kwa sauti ya chini, nao humsikia akikwaruza na maneno yakikatika. Kila moja ikipimwa peke yake, kasoro hiyo huweza kupita bila kuonekana.

Ninachokiheshimu zaidi ni ujasiri wa kukataa kifaa kinachofanya kazi, mbele ya mteja anayetamani kusikia ndiyo. Fundi huandika sababu kando ya namba ya redio, na ilipimwa na nani na lini, ili atakayeishika baadaye asianze kwa kubahatisha. Zimamoto aliye ndani ya moshi hana nafasi ya kujaribu chaneli nyingine. Ukaguzi wa redio yake lazima uwe umeshafanywa mezani.