Usukani wa baiskeli ya resi: kwani mabega ndo kila kitu?

Uliza popote namna ya kuchagua usukani uliopinda wa baiskeli ya resi, jibu ni moja: pima mabega, chukua usukani wa upana huohuo. Fundi wa huku Boko kaniambia hivyo, mitandaoni nako hivyohivyo. Sikatai kabisa, ila ushauri huu umebebeshwa mzigo usiouweza.

Kwanza, upana upi? Watengenezaji wengine hupima kutoka katikati ya bomba hadi katikati, wengine nje hadi nje. Bomba lenyewe lina unene wa milimita 23.8, kwa hiyo usukani wa sentimita 40 kwa huyu ni 42.4 kwa yule. Watu wanabishana 40 au 42, kumbe huenda wanazungumzia usukani uleule! UCI, wasimamizi wa mbio za baiskeli duniani, walipoweka kima cha chini cha milimita 400 kuanzia 2026, ilibidi waseme wazi kuwa ni nje hadi nje. Waendeshaji wanawake wenye mabega membamba walilalamika, na nadhani wana haki.

Wanaopenda usukani mwembamba wana hoja yao. Hewa ikiwa imetulia, ukipanda kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, ukinzani wake unakuwa mara nne, hivyo kubana mikono kunasaidia. Lakini nani anakimbiza 40 asubuhi kutoka Boko kwenda Mwenge, malori ya saruji ya Wazo yakiwa ubavuni? Pale mimi nataka usukani mpana kidogo, unaotulia gurudumu likiingia kwenye mchanga wa pembeni.

Kinachoniudhi zaidi ni kipimo kinachosahaulika: usukani unajitokeza mbele kiasi gani hadi kwenye breki. Wa zamani mara nyingi ni karibu sentimita 10, wa kisasa 7 au 8. Usukani wangu, mtumba wa Japani, ulilingana na mabega barabara, lakini kabla sijafika Mwenge kidole kidogo na cha pete vinakufa ganzi. Nilikuwa nimejinyoosha mno, uzito umelalia viganja, neva ya alna inabanwa. Nilibadilisha shingo ya usukani nikaweka fupi, ganzi ikaisha. Upana sikuugusa.

Ukiamua kubadilisha usukani wenyewe, pima kwanza pale shingo inapoubana. Shingo nyingi za zamani ni za milimita 25.4, sukani nyingi za kisasa ni 31.8. Hapo hata nyundo haikusaidii.