Mushtarii juu ya zege la moto

Video ya kwanza niliirekodi saa tano na nusu usiku, darubini ikiwa kwenye sakafu ya zege nyuma ya nyumba. Ilikuwa Desemba 2024, Dar es Salaam, siku chache baada ya tarehe 7, siku ambayo Dunia ilipita katikati ya Jua na Mushtarii. Mvua za vuli zilikuwa zimetupumzisha. Mtoto wa jirani, aliyeruhusiwa kukesha kwa kuwa shule zimefungwa, aliinamia skrini ya laptopu akauliza, “Anko, mbona inacheza kama iko ndani ya maji?”

Ya pili niliirekodi saa sita na robo. Darubini ileile, kamera ileile, sayari karibu palepale juu ya paa. Nilichobadilisha ni mahali pa kusimamisha miguu mitatu: nilitoka kwenye zege nikaenda kwenye majani, karibu na kamba za kuanikia nguo, hatua saba hivi. Ukizilinganisha video hizo mbili utadhani ya pili imepigwa kwa darubini ya bei mara tatu.

Mtoto hakukosea. Hewa ya joto na hewa ya baridi zikikutana, mwanga unaopita hapo hupinda kidogo, na kwa kuwa hewa haitulii, mpindo huo nao hubadilika mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo maana nyota humetameta. Sayari ikitazamwa kwa darubini, ukingo wake huchemka kama uji, mikanda ya mawingu ikafutika na kurudi. Ila katikati ya vurugu hiyo, mara mojamoja, hewa yote iliyo mbele ya kioo hutulia kwa wakati mmoja, na sayari ikaonekana kavu kabisa. Halafu basi, imeshavurugika tena. Kazi ya mpiga picha wa sayari ni kurekodi maelfu ya fremu fupifupi, kutupa zilizovurugika, na kurundika zilizosalimika ziwe picha moja.

Mmarekani David Fried aliipigia hesabu bahati hiyo mwaka 1978. Chukua kipenyo cha kioo cha darubini, kigawe kwa upana wa kipande cha hewa kilichotulia. Jibu likiwa 5, karibu fremu moja katika kila 9 hutoka safi. Likiwa 7, ni moja katika kila 370 hivi. Likifika 10, ni moja katika milioni. Kioo changu kina kipenyo cha sentimita 20, kwa hiyo 7 ni hewa yenye vipande vya sentimita 2.9, na 5 ni vipande vya sentimita 4. Tofauti ni sentimita moja na ushee, lakini bahati imeongezeka mara 40. Hakuna kamera dukani itakayokufanyia hivyo. Na anayefikiri dawa ni kununua kioo kikubwa zaidi aitazame tena hesabu hiyo: katika hewa ileile, kioo kipana ndicho chenye fremu safi chache.

Nilijuaje kwamba kosa ni la sakafu, si la anga? Ukitaka kumjua mchawi, haribu fokasi. Nilielekeza darubini kwenye Aldebaran, ile nyota ya rangi ya chungwa iliyokuwa kati ya Kilimia na Mushtarii, nikazungusha fokasi hadi nyota ikawa sahani pana ya mwanga. Ndani ya sahani hiyo hewa inaonekana kwa macho. Michirizi myembamba inayokimbia upande mmoja kwa kasi ni upepo wa juu sana, na huo huna la kuufanya. Funga vyombo ukalale. Mawimbi mazito yanayopanda polepole kama moshi wa ubani ni joto la karibu: la kioo, la bomba la darubini, la sakafu, la ukuta, hata la mwili wako ukisimama mbele. Mimi niliona ubani. Nikaweka kiganja kwenye zege. Vuguvugu, saa hizo za usiku.

Watu hulaumu bati, na nadhani wanalionea. Bati ni jembamba, likikosa jua hupoa upesi. Zege na ukuta wa tofali ndivyo vinavyokaa na joto la mchana na kulitoa kidogokidogo hadi usiku wa manane. Darubini yenyewe haikuwa na hatia kwa sababu ilishinda barazani tangu mchana. Ukiihifadhi kwenye chumba chenye kiyoyozi kisha ukaitoa nje kwenye unyevu wa Pwani, kioo kitajaa umande kabla hujakunjua kiti.

Kuhama hatua saba kulinigharimu nusu saa, kwa sababu ya tofali. Mtambo wa kufuatilia nyota huzunguka kwenye mhimili ambao lazima uelekee ncha ya anga, na kutoka Dar es Salaam ncha ya kusini iko nyuzi 7 hivi tu juu ya upeo. Mtambo wangu haukutengenezwa kwa ajili ya watu wa ikweta: skrubu yake inagota kwenye nyuzi 15. Basi mguu wa kaskazini hukaa juu ya tofali la inchi tano lililolazwa, na miguu ikiwa imeachana mita moja, inchi tano hizo zinatosha kuondoa nyuzi 8. Si mbinu ya kujisifia, lakini bila mtambo kufuatilia, Mushtarii huvuka uwanja wa kamera yangu kwa sekunde zisizofika tisa.

Ukaribu wetu na ikweta unatulipa kwa njia nyingine. Usiku ule Mushtarii ilipanda hadi nyuzi 61 hivi upande wa kaskazini. Popote itakapokuwa katika mzunguko wake, hapa Dar es Salaam haitapita chini ya nyuzi 60 hivi ikifika kilele. Mwaka 2019 watu wa London waliiona ikifika nyuzi 16 tu, wakiitazama kupitia hewa nene zaidi ya mara tatu. Sishangai kwamba Februari 2006, wingu la mviringo la Mushtarii lilipogeuka kutoka jeupe kuwa jekundu, aliyeligundua alikuwa Christopher Go, mtazamaji wa ridhaa wa Cebu, Ufilipino, nyuzi 10 kutoka ikweta.

Kurekodi kwenyewe ni jambo la dakika mbili. Kila fremu ilipata milisekunde 8 za mwanga, fremu 100 kwa sekunde, jumla 12,000. Nilikata uwanja hadi pikseli 640 kwa 480, na bado faili lilikaribia gigabaiti 4. Huwezi kurekodi utakavyo kwa sababu Mushtarii hujizungusha kwa saa zisizofika 10. Ukizidisha dakika mbili au tatu, alama za katikati zinakuwa zimesogea kiasi cha kuonekana, na rundo lako litapaka ukungu pale ulipokuwa unatafuta makali.

Programu ya AutoStakkert hupima kila fremu, ikazipanga kutoka bora hadi mbovu na kuchora mstari wa ubora. Mstari wa video ya majani ulishuka taratibu, nikabakiza asilimia 10, fremu 1,200. Kwa kuzirundika, chembechembe za kelele hupungua kama mara 35, ndipo unapata ruhusa ya kunoa. Na hapo ndipo wengi wanapoiharibu sayari. Ukivuta vitelezi vya kunoa kupita kiasi, ukingo unavaa pete nyeupe ambayo haipo angani, na mawingu yanakuwa magamba ya samaki. Nilivirudisha nyuma mara tatu. Kilichobaki ni mikanda miwili ya kahawia na, kwenye ukingo wa kusini wa mkanda wa kaskazini, mikia minne ya kibuluu inayoning'inia kuelekea ikweta ya sayari.

Video ya zege sikuifuta. Mstari wake ulianguka kama jabali mwanzoni kabisa, maana yake safi zilikuwepo, ila kiduchu. Nilijaribu asilimia 10 ileile, nikapata uji. Nikashuka hadi asilimia 1, fremu 120. Mikanda ikatoka, hata mkia mmoja ukaonekana, lakini nilipogusa kitelezi cha kunoa tu, sayari nzima ikajaa chembe kama televisheni iliyopoteza stesheni. Mkia ule mmoja nilikwenda kuutafuta kwenye picha ya majani, nikiruhusu dakika 45 za mzunguko. Ulikuwepo, umesogea.