Video za mvua ya mawe: tunapiga picha barafu, tunasahau shamba

Leo tuongee juu ya filme ambazo hakuna mtu anaziita filme. Mvua ya mawe ikianguka Kabare, Walungu, Masisi ao Lubero, kabla haijaisha iko tayari kwenye telefone zetu. Nimeangalia nyingi sana, na ninaona zinastahili kuhakikiwa kama vile tunavyohakiki riwaya ao wimbo. Maoni yangu ni haya: tuko na macho mazuri, lakini ushuhuda haupo.

Video ya kawaida inaanza mlangoni. Uwanja unageuka mweupe, manjanja inalia mpaka sauti ya mwenye kupiga picha inapotea. Mtoto anakimbia kuokota. Mtu anasema, "Yesu! Muangalie mabarafu!" Halafu mkono unaingia na mawe matatu ao mane, na inaishia pale. Sikatai, iko nzuri. Ile sauti ya manjanja peke yake inakuambia ukali wa mvua kuliko maneno yote. Ndiyo maana inaniuma nikiona mtu ameifuta na kuweka muziki juu yake.

Lakini wapi? Lini? Jiwe lilikuwa na ukubwa gani? Limeacha nini? Bila majibu hayo picha haina kwao. Tarehe 30 Juni 2019, huko Guadalajara, Mexico, barafu ilijaa barabarani mpaka karibu metre 1.5 na kufunika magari. Ondoa jina la mji na tarehe, kisha mtu aitume akisema ni Butembo jana. Utamkatalia na nini?

Wengine watasema: si ni kujifurahisha tu? Hapana. Mvua ya mawe inapiga sehemu ndogo kwa muda mfupi. Kilima kimoja kinaharibika, kile cha jirani kinapata maji tu. Kituo cha hali ya hewa kinaweza kuikosa kabisa. Satelaiti inaona wingu refu na radi zake, lakini haioni jani la haragi lililotoboka. Mara nyingi shahidi ni yule aliyesimama mlangoni na telefone, basi.

Na anga letu si la mchezo. Utafiti wa satelaiti uliotolewa mwaka 2016 uliweka Kabare mahali pa kwanza Afrika kwa radi, na pa pili duniani nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: karibu radi 205 kwa kilometa moja ya mraba kila mwaka. Kumbe radi zetu zimehesabiwa kutoka juu kabisa. Mashamba ya maragi yaliyopigwa na mawe, nani anayahesabu?

Wengi wetu tunawajua wafukuzaji wa dhoruba wa Marekani kupitia filme Twisters ya mwaka 2024. Mule Tyler ni mtu wa makelele, anawasha fataki ndani ya kimbunga na kuuza fulana zenye sura yake. Upande mwingine kuna kundi lenye vyombo vya kisasa. Baadaye tunajua kwamba pesa za kundi hilo zinatoka kwa tajiri anayenunua viwanja vya watu walioharibikiwa, na yule wa makelele ndiye anawapelekea chakula. Filme inatia chumvi mingi, lakini swali lake ni zuri: picha hii inamsaidia nani?

Watu ambao filme hiyo haiwaonyeshi ndio mimi ninawapenda zaidi. Mwaka 1998, nyuma ya mafuriko ya Fort Collins ya mwaka 1997, kulizaliwa Colorado kundi la wapimaji wa kujitolea, CoCoRaHS. Wanaweka nje kipande cha povu gumu kilichofunikwa na karatasi ya alumini. Kila jiwe linaacha shimo, na mashimo yanapimwa. Hakuna makelele, hakuna kufukuza kitu. Uswisi nako, tangu 2015, raia wanatuma ukubwa wa mawe kwa programu ya telefone ya idara ya hali ya hewa.

Sisi je? Kwangu, video nzuri ya mvua ya mawe inafanya mambo matatu. Kwanza, mwenye kupiga anataja kwa mdomo kijiji, tarehe na saa. Pili, anaweka jiwe pembeni ya kifuniko cha soda, chenye upana wa karibu sentimeta 3, mbele halijayeyuka. Mkono haupimi kitu, kila mtu na wake. Tatu, na hapa ndipo karibu wote tunashindwa, anarudi kesho yake shambani. Anaonyesha majani yaliyopasuka, birayi zilizovunjika shina, na anamuuliza mwenye shamba kama anakubali kuongea. Akikataa, telefone inarudi mfukoni. Mama aliyepoteza maragi yake si pambo la video yetu.

Na tupige tukiwa ndani ya nyumba. Si chini ya muti, si katikati ya shamba. Tarehe 31 Mei 2013, huko El Reno, Oklahoma, kimbunga kilimuua Tim Samaras, mtafiti mwenye uzoefu wa miaka mingi, pamoja na mwana wake na mwenzao. Kama yeye alishindwa, sisi na telefone yetu tusijidanganye.

Barafu inayeyuka mbele ya jioni. Lakini maragi iliyopandwa mwezi wa 9 na kupigwa mwezi wa 11, pengo lake litaonekana kwenye sahani mpaka mavuno mengine. Video zetu zinaishia kwenye barafu. Ile ya kesho yake, ya shambani, bado ninaingoja.