Hesabu Iliyoipeleka Disney Chessy Badala ya Alicante

Desemba 18, 1985, Waziri Mkuu wa Ufaransa Laurent Fabius na bosi wa kampuni ya Walt Disney, Michael Eisner, walitia saini barua ya makubaliano ya kujenga bustani kubwa ya burudani Marne-la-Vallée, kilomita 32 mashariki mwa Paris. Huko ni nchi tambarare ya ngano na beeti, ule mzizi ambao Ulaya hukamulia sukari. Kuanzia Novemba hadi Machi mawingu hayabanduki. Hispania nayo ilikuwa imeweka mezani pwani ya Mediterania, jua na yote yanayofuatana nalo, ikakosa.

Ukilinganisha picha tu utadhani Wamarekani walipotea njia. Ila uchaguzi huu haukufanywa kwa picha. Ulifanywa kwa hesabu, na sehemu kubwa ya hesabu hizo inajulikana, kwa hiyo tunaweza kuifuata hatua kwa hatua na kuona ni wapi ilitoka sawa na ni wapi iliivuta kampuni kwenye hasara ya mabilioni.

Tuanze na majeraha ambayo Disney walikuwa nayo kabla ya kuitazama Ulaya. Mwaka 1955, pale Anaheim, California, Walt Disney alifungua bustani yake ya kwanza akiwa na ekari zipatazo 160. Wageni walimiminika, lakini moteli na migahawa iliyochipuka nje ya ukuta ilikuwa ya watu wengine: yeye aliwaita wageni, majirani wakawauzia chakula na kitanda. Kosa hilo halikurudiwa Florida. Huko, katikati ya miaka ya 1960, alinunua kimyakimya, kwa kutumia kampuni zenye majina yasiyojulikana, ekari zipatazo 27,000. Kisha ikaja Tokyo. Kampuni iliogopa gharama, ikawaachia Wajapani wa Oriental Land wajenge na wamiliki, yenyewe ikaridhika na mrabaha: asilimia 10 ya viingilio na asilimia 5 ya mauzo ya chakula na bidhaa. Bustani ya Tokyo ilifunguliwa Aprili 15, 1983, ikajaa. Eisner na mwenzake Frank Wells waliposhika uongozi Septemba 1984, walikuta dhahabu inachimbwa kwa jina lao na wao wanapewa makombo. Kwa hiyo agizo la Ulaya lilikuwa limeshaandikwa kabla ya ramani kufunguliwa: tunataka ardhi, tena nyingi, na hoteli ziwe zetu.

Hapo ndipo pa kuikamata kesi yote. Anayetafuta uwanja wa bembea na kasri huhitaji shamba moja zuri. Anayetaka kuzuia majirani wasimnyonye huhitaji mji mzima, na miji mizima haiuzwi na madalali.

Wataalamu wa kampuni walipitia maeneo yapatayo 1,200 barani Ulaya. Kufikia Machi 1985 yalibaki manne, mawili Ufaransa na mawili Hispania. La Toulon, kusini mwa Ufaransa, lilikuwa na hali ya hewa ya kupendeza na mandhari ya kuvutia, ila wapimaji walikuta mwamba mgumu uko karibu mno na uso wa ardhi. Bustani ya aina hii ina mabomba, nyaya na mahandaki mengi chini yake, na kulipua mwamba kwa ajili ya kila handaki ni kuzika fedha. Likaondolewa. Upande wa Hispania kulikuwa na eneo la pwani ya Catalonia, na lile la Pego mkoani Alicante, ambalo kwa muda ndilo lililoonekana kuongoza. Pego ina kinamasi, Marjal de Pego-Oliva, ambamo huishi kisamaki kiitwacho samaruc, mmoja wa viumbe waliokuwa wamebaki wachache sana duniani. Wanamazingira wa huko wakapiga kelele. Kelele hizo pekee zisingeiua Alicante, kwa maoni yangu. Kilichoiua kilikuwa kwenye makaratasi mengine.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya hali ya hewa, na ajabu ni kwamba hiyo Hispania ilishinda. Disney iliomba kila eneo lilete wastani wa joto wa kila mwezi kwa miaka 40 iliyopita. Takwimu hizo hazikuwa kwenye kompyuta, kwa hiyo ikawa kazi ya kufukua majalada ya zamani. Yaliyotoka humo yalijulikana hata bila majalada: Januari ya Alicante ina wastani wa nyuzi 12 hivi za Selsiasi, ya Paris kama 5. Miaka mitatu nyuma, tofauti hiyo ingemaliza mjadala. Lakini sasa kulikuwa na Tokyo. Januari ya Tokyo haina tofauti kubwa na ya Paris, na mvua ya Tokyo kwa mwaka ni zaidi ya mara mbili ya ile ya Paris, na bado watu walisimama foleni wakiwa na makoti na miavuli. Ushahidi wa Wajapani uliishusha hali ya hewa kutoka kwenye sharti hadi kwenye gharama.

Gharama hiyo unaweza kuiona kwa macho mpaka leo. Ukiingia getini Disneyland Paris unajikuta Main Street, barabara ya maduka inayoelekea kwenye kasri. Nyuma ya maduka ya kushoto na ya kulia kumejengwa njia mbili zilizoezekwa, Liberty Arcade na Discovery Arcade. Mama mwenye kigari cha mtoto anaweza kutoka karibu na lango akafika kwenye uwanja ulio mbele ya kasri bila kulowa, na njiani akaingia dukani kwa mlango wa nyuma. Hiyo ndiyo bei ya kuiacha Alicante: mapaa, kuta za kuzuia upepo, meko ya kuotea moto kwenye migahawa na hoteli. Ni bei inayolipwa mara moja, na mhasibu anaijua kabla ya ujenzi kuanza.

Karatasi ya pili ilikuwa duara. Chukua ramani, weka ncha ya bikari Marne-la-Vallée, chora umbali wa saa nne kwa gari. Ndani yake, kwa hesabu za Disney, waliishi watu milioni 68. Ongeza duara la saa mbili kwa ndege, wakaingia wengine milioni 300. Fanya hivyohivyo kwa Alicante: nusu ya duara ni maji ya Mediterania, na sehemu iliyobaki inagonga milima kabla ya kufika kwenye miji minene ya kaskazini. Paris na vitongoji vyake pekee ilikuwa na watu wapatao milioni 10 waliokuwa na mishahara, magari na watoto wasiokuwa na la kufanya Jumapili. Brussels iko jirani, Uholanzi si mbali, Ujerumani ya magharibi inafikika. Januari 1986, wino wa barua ya makubaliano ukiwa mbichi, Rais François Mitterrand wa Ufaransa na Waziri Mkuu Margaret Thatcher wa Uingereza walitangaza njia ya reli itakayopita chini ya bahari kati ya nchi zao, na duara likapanuka bila Disney kutoa senti.

Wahispania walikuwa na jibu la maana. Nchi yao ilipokea wageni takriban milioni 40 kwa mwaka, kwa nini kuwafuata watu majumbani wakati wanakuja wenyewe? Tatizo la wageni hao ni kwamba walikuja kiangazi, walikuja kwa ajili ya bahari, na Oktoba walikuwa wameshaondoka. Bustani ya ukubwa huu inaajiri maelfu, na mishahara ya Februari hailipwi na mtalii wa Agosti. Jua lile lile lililoifanya Hispania ipendwe lilikuwa limeufunga utalii wake kwenye msimu mmoja.

Sasa tufike kwenye karatasi ya tatu, ambayo naamini ndiyo iliyoamua, ingawa haisimuliwi sana kwa sababu haina mvuto. Marne-la-Vallée haikuwa shamba la kawaida. Ilikuwa mojawapo ya miji mipya ambayo dola ya Ufaransa iliipanga katika mpango mkuu wa jiji la Paris wa mwaka 1965, na kuanzia mwaka 1972 kulikuwa na taasisi ya umma iliyokuwa ikiuendeleza mji huo kipande kwa kipande kutoka magharibi kwenda mashariki. Mwisho wa mashariki ulikuwa bado mtupu: vijiji vitano, Chessy, Serris, Coupvray, Magny-le-Hongre na Bailly-Romainvilliers, vyenye mashamba mapana ya wakulima wachache. Serikali ilikuwa na uwezo wa kisheria wa kutwaa ardhi hiyo kwa manufaa ya umma, kuiunganisha, na kuipitisha kwa mnunuzi mmoja. Mwaka 1987 ikaunda taasisi nyingine, EPAFrance, kwa ajili ya kazi hiyo. Jumla ilikuwa hekta 1,943, kama sehemu ya tano ya eneo la jiji la Paris, na bei ya msingi iliwekwa kwa thamani ya ardhi ya kilimo ya mwaka 1971. Disney haikulazimika kuzilipia zote mara moja. Ilipewa haki ya kununua kwa awamu kadiri miradi ilivyokomaa. Wakulima walilalamika, na msomaji anayefuatilia migogoro ya fidia huku kwetu hahitaji kuelezwa walilalamika nini.

Halafu reli. Njia A ya RER, treni za Paris na vitongoji vyake, iliishia Torcy. Serikali ilikubali kuirefusha hadi Chessy, kwenye lango la bustani, na treni ya kwanza ya abiria ilifika huko Aprili 1, 1992, siku 11 kabla ya bustani kufunguliwa. Mwaka 1994 ikaongezwa stesheni ya treni za mwendo kasi za TGV, kwenye njia inayozunguka nje ya Paris, ili mtu wa Lyon au Brussels asilazimike kubadili treni jijini. Ukaongezwa mkopo wa umma wa riba ya asilimia 7.85, chini ya riba ya soko, na kodi ya ongezeko la thamani kwenye kiingilio ikashushwa kutoka asilimia 18.6 hadi 7.

Hispania nayo iliahidi fedha na unafuu. Ilikuwa na kila sababu, maana ukosefu wa ajira ulikuwa umepita asilimia 20 na nchi ilikuwa ikijiandaa kuingia Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya Januari 1986. Disney waliziweka nchi mbili mezani mpaka mwisho, na kila ahadi ya Madrid iliwasaidia kuikamua Paris. Ila fedha kila serikali yaweza kuahidi. Ardhi iliyokwisha kupangwa, reli inayohitaji kurefushwa kidogo tu, na sheria ya kutwaa mashamba vikiwa vyote chini ya mkono mmoja, hivyo alikuwa navyo Mfaransa. Mkono huo ulikuwa imara kiasi kwamba hata Wasoshalisti wa Fabius waliposhindwa uchaguzi wa Machi 1986, akaingia Jacques Chirac wa mrengo wa kulia, mpango haukuyumba, na ni yeye aliyetia saini mkataba kamili Machi 24, 1987.

Bustani ilifunguliwa Aprili 12, 1992. Hapo ndipo hesabu ilipopasuka, na haikupasukia pale walipotegemea wakosoaji. Ariane Mnouchkine, mwongozaji wa tamthilia, alikuwa ameuita mradi huo Chernobyl ya utamaduni. Wasomi wakabashiri kwamba Wafaransa wataususia. Lakini watu walikuja. Katika mwaka wa fedha wa 1993 waliingia wageni milioni 9.8, si mbali sana na milioni 11 walizokuwa wamezipangia. Mwaka huohuo kampuni ikatangaza hasara ya faranga bilioni 5.3.

Ikiwa watu walikuja, hasara ilitoka wapi? Jibu liko kwenye vyumba 5,200 vya hoteli walivyojenga kwa mkupuo. Duara la saa nne liliwahesabu wanaoweza kufika. Halikuuliza watalala wapi. Anayefika kwa saa mbili anarudi nyumbani jioni, na aliyetoka mbali ana Paris, mwendo wa treni wa dakika 40 hivi, yenye vitanda vya kila bei. Florida mgeni alilala siku nne kwa kuwa hakuwa na sababu ya kuondoka. Chessy familia iliingia bustanini asubuhi, ikachukua chumba usiku, na kesho yake ikarudisha funguo mapema kabla ya kwenda kumalizia michezo. Foleni za mapokezi zikawa ndefu hadi ikabidi waongeze kompyuta za kuwatoa wageni. Ukaribu na Paris uliowapa wateja ndio uliowanyima wageni wa kulala. Zaidi ya hapo, mpango ulitegemea pia kuuza ofisi na nyumba kwenye ardhi ile ya bei rahisi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko la majengo Ufaransa likaanguka. Mwaka 1994 wadai walikubali kuupanga upya mkopo, na Mwanamfalme Al-Waleed bin Talal wa Saudi Arabia akaingia na fedha zake. Faida ya kwanza ilionekana mwaka 1995.

Je, Alicante ingefaa zaidi? Hispania ilijibu yenyewe, kwa namna mbili. PortAventura, iliyofunguliwa mwaka 1995 karibu na Salou kwenye pwani ya Catalonia, imedumu. Terra Mítica ya Benidorm, mkoani Alicante, ilifunguliwa mwaka 2000, na kufikia mwaka 2004 ilikuwa mahakamani ikiomba ulinzi dhidi ya wadai.

Mei 7, 2025, Disney ilitangaza nchi yake mpya: Falme za Kiarabu, kwenye kisiwa cha Yas, Abu Dhabi. Duara limerudi, safari hii kwa ndege peke yake. Wanasema theluthi moja ya watu wa dunia wanaishi ndani ya saa nne za ndege kutoka hapo. Nairobi na Dar es Salaam zinabaki nje kidogo ya mstari, kwa kuwa safari hizo huchukua kama saa tano. Muscat iko ndani kabisa. Joto la kiangazi, kama baridi ya Paris, limeshageuzwa gharama, na jirani zake kisiwani hapo, Ferrari World na Warner Bros. World, zimejengwa ndani ya majengo yenye viyoyozi. Kilichobadilika ni mkataba. Kampuni ya Miral ya Abu Dhabi ndiyo itakayojenga, kugharamia na kuendesha, na Disney itachukua mrabaha kama ilivyofanya Tokyo. Hesabu ya vitanda, ile iliyoitafuna Disney pale Chessy, safari hii iko mezani kwa Miral.