Huyu Havuti, Anashika Kamba Tu

Wanaume sita walikuwa wakivuta mtumbwi kuutoa majini, asubuhi, mwaloni Rumonge, Burundi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ndagala wakiwa wameshashushwa. Nilichora watatu kati yao kwa mkaa, juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Mgongo wa yule wa mbele niliupenda sana, kwa kuwa niliupa kila msuli niliokuwa nimeukariri kitabuni. Mzee mmoja aliyeketi juu ya nyavu akaniomba karatasi, akaitazama kwa muda, akanirudishia. "Huyu havuti, kijana wangu. Anashika kamba tu."

Sijawahi kupewa sahihisho lenye faida kuliko hilo. Mzee yule hakuwa mchoraji. Alikuwa amevuta mitumbwi maisha yake yote, na mwili wake ulijua kitu ambacho mkono wangu haukukijua. Nitaeleza hapa jinsi tulivyoyafuata maneno yake mpaka mtu wa kwenye karatasi akavuta kweli, maana naamini njia ile inaweza kumfundisha mtu kuchora mwili wa binadamu hata pasipo na shule ya sanaa karibu.

Jioni tulikutana watatu, kama kawaida yetu: mimi, mchora vibao vya saluni na maduka, na kijana anayejifunza useremala wa mitumbwi. Desturi yetu ilikuwa kulaza michoro mchangani, kurudi nyuma hatua nne, kisha kila mmoja kusema alichoona. Mpaka siku ile tulikuwa tukiambiana "imetoka vizuri" au "sura haifanani", maneno ambayo hayamwonyeshi mtu afute wapi. Sasa tulikuwa na swali linaloweza kupimwa: kama havuti, ni kitu gani kwenye karatasi kinachosema havuti?

Kijana wa mitumbwi ndiye aliyeleta timazi, yaani uzi na jiwe. Tuliisimamisha karatasi ubaoni, akaushikiza uzi kwenye kishimo cha koo cha mtu wangu, akaacha jiwe lining'inie. Uzi ukapita katikati ya nyayo zake mbili. Kosa likaonekana palepale. Mtu ambaye timazi ya koo lake inaangukia kati ya nyayo zake amesimama tu. Akiiachia kamba, ataendelea kusimama kama hakuna kilichotokea.

Tulitaka kuhakikisha. Tukafunga kamba kwenye shina la mchikichi, mchora vibao akaivuta kwa nguvu zake zote akirudi kinyumenyume, nami nikashika uzi kando ya koo lake. Jiwe likaning'inia nyuma kabisa ya visigino. Uzito wake ulikuwa umetoka nje ya miguu yake, na kilichomzuia asianguke chali kilikuwa kamba yenyewe. Kamba ilimshika yeye kama yeye alivyoishika kamba. Alipogeuka, akaipitisha begani na kuvuta akiwa ameupa mti mgongo, jiwe likaangukia mbele ya vidole vya miguu. Basi anayevuta huonekana kama mtu anayeanguka na hafiki chini. Mchoro unaomsawazisha vizuri juu ya miguu yake umemnyang'anya kazi.

Ndiyo sababu nasema uzito utangulie, misuli ifuate. Kitabu changu kilinianzisha kwenye misuli, nami nikaijaza kwenye mwili usio na kazi ya kufanya.

Kosa la pili lilikuwa mikononi. Nilikuwa nimevikunja viwiko na kuivimbisha misuli iliyo juu yake, kama wanavyofanya wanyanyua vyuma kwenye mabango. Mtu akivuta mtumbwi uliolowa maji kwa msuli ule, utachoka kabla mtumbwi haujasogea. Mikono ya wavutaji hunyooka karibu kabisa, ikawa ni kama kipande cha kamba. Kazi inafanywa na mapaja, matako na mgongo, na kisigino kinachozama mchangani. Mchora vibao alisimama mbele yangu akaiga mkao wa mchoro wangu ulivyokuwa, viwiko vimekunjwa, akasema, "Hapa sina nguvu." Tangu hapo ikawa sheria kwetu: usiseme neno juu ya mchoro wa mwenzako kabla hujauweka mkao wake mwilini mwako. Ukishindwa kuuweka, umeshampa sahihisho.

Mabega yalituchukua muda mrefu zaidi, na tulijifunza kutoka kwa mbuzi.

Yeyote aliyewahi kushika kisu siku ya Idi ya kuchinja anajua kwamba mguu wa mbele wa mbuzi unatoka kwa kisu peke yake. Huvunji mfupa, hutafuti kiungo. Wa nyuma una kiungo nyongani, nao unakusumbua. Kombe la bega la mbuzi limeshikiliwa kwenye mbavu na misuli mitupu, kwa maana mbuzi hana mtulinga. Sisi tunao, na huo mtulinga ndio daraja pekee la mfupa kati ya mkono na kiwiliwili. Weka kidole chini ya koo, pembeni ya kile kishimo, kisha uzungushe bega: kile kidude kinachocheza chini ya kidole ndicho kiungo chenyewe, pale mtulinga unapokutana na mfupa wa kidari. Nyuma, kombe linateleza juu ya mbavu, limezungukwa na nyama, kama la mbuzi.

Ukilijua hilo, mgongo unaanza kusomeka. Anayevuta kwa mikono iliyonyooka, makombe yake yanavutwa mbele na kuachana, na mgongo wa juu unapanuka. Mimi nilikuwa nimeyachora yamekaribiana, ya mtu aliyetulia kwenye picha ya kitabu. Anayeinua mkono kushika beseni kichwani, kombe lake linazunguka pamoja na mkono. Mkono unapotoka ubavuni mpaka juu kabisa, unapita nyuzi 180, na karibu nyuzi 60 kati ya hizo zinatokana na mzunguko wa kombe. Kwa hiyo ukiinua mkono kwenye karatasi na kuliacha bega lilipokuwa, umechomeka kijiti kwenye gunia. Bega lazima lipande kulifuata sikio, na ule mstari wa mtulinga upande nalo.

Swali la uchi huulizwa kila nikizungumza habari hizi. Katika shule za zamani za Ulaya mwanafunzi alianza kwa kunakili picha, akaenda kwenye sanamu za plasta, mwisho akamchora mtu aliyevua nguo. Rumonge ni mji wa misikiti na makanisa, na sioni sababu ya kumwomba mtu jambo litakalomwaibisha. Mwaloni wanaume hufanya kazi vifua wazi, kwa kaptula, na mgongo wa mtu mwenye kazi unafundisha kuliko mgongo wa mtu aliyekaa kusubiri muda uishe. Tunaomba ruhusa kwanza. Anayekataa hachorwi, na hatumwombi mara ya pili.

Kwa akina mama kitambaa ndicho kinachofundisha. Kitenge hukaza pale mwili unapokisukuma na hulegea pale unapokiacha. Mikunjo huanzia penye mshiko, yaani kiunoni kilipofungwa, kwenye nyonga upande uliobeba uzito, kwenye goti lililotangulia. Mchoraji anayetafuta chanzo cha kila mkunjo anauchora mwili wote bila kumfunua mtu.

Mfano mzuri ni kuanika ndagala. Wanaoanika chini mchangani huinama siku nzima. Tulipowachora mara ya kwanza, sote watatu tuliwakunja tumboni, kama unavyokunja karatasi. Watu hawainami hivyo. Mama anayetandaza samaki chini, miguu ikiwa karibu imenyooka, hukunjikia kwenye viungo vya nyonga, chini ya mkanda wa kitenge, na mgongo wake hubaki mrefu na bapa. Makalio yanarudi nyuma ili kusawazisha kichwa na mikono iliyokwenda mbele. Ukishusha timazi kutoka nyongani, inaangukia nyuma ya visigino. Ukiishusha kutoka kooni, inaangukia mbele ya vidole, na kati ya nyuzi hizo mbili mwili unasimama. Penye vichanja vilivyoinuliwa, ambavyo FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilivihimiza kwenye mwambao huu, mama yuleyule anafanya kazi ile ile amesimama. Chora mkao wa kwanza, kisha wa pili, utaelewa kwa nini faida ya vichanja si kuwaepusha samaki na mchanga peke yake.

Mjadala wa kipi kitangulie, kulihisi tendo au kuusomea mwili, ni wa zamani katika eneo letu. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha uchoraji Kampala mwaka 1937 na kujenga shule ya sanaa ya Makerere, alikuwa akiwasimulia wanafunzi tukio, walione moyoni kabla ya kuchora. Cecil Todd, aliyemrithi mwishoni mwa miaka ya 1950, alitilia mkazo zaidi nidhamu ya kitaaluma. Nimewasikia watu wakichagua upande kana kwamba ni lazima. Mimi humtazama Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyepita Makerere kisha shule ya sanaa ya Slade huko London. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko kwenye Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Watu wa Ntiro hawana misuli ya kuhesabu, ila unaona nani amebeba na nani amepumzika. Mzee wetu wa mwaloni angewapitisha.

Mazoezi yetu hufuata mwezi. Ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa pevu taa hazivuti samaki, mitumbwi inakaa nchi kavu, na mwalo unajaa watu walioketi wakishona nyavu. Siku za giza, asubuhi, kila kitu kinakwenda mbio, na hapo tunachora mikao ya nusu dakika, mstari mmoja wa mwendo kutoka kichwani mpaka kisigino kilichobeba. Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha uchoraji New York na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1941 baada ya kifo chake, aliwapa wanafunzi wake zoezi la aina hiyo. Siku za mbalamwezi tunakaa na mtu mmoja saa nzima. Mshona nyavu huukaza wavu kwa kidole gumba cha mguu, na hapo una mkono wenye mifupa 27 na mguu wenye mifupa 26 vikifanya kazi moja. Sijapata darasa gumu kuliko hilo.

Vipimo tunavyo pia, ila tunavileta mwisho. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, mtoto wa mwaka mmoja vinne. Msichana aliyebeba beseni niliyemchora kwa kipimo cha mama yake, mchora vibao aliniuliza kwa nini nimechora bibi mfupi. Swali hilo lilinisaidia kwa sababu lilinionyesha kwamba kichwa ndicho kidogo mno, miguu ndiyo mirefu mno. Kusahihishana kwetu kumebaki hivyo: mguu upi umebeba, nini kinamzuia asianguke, mstari upi unasema uongo. Mwenye mchoro hajitetei. Anafuta, anachora upya, ndipo anaongea.

Yule mvutaji nilimrudia mara tatu. Ya pili ilikuwa na timazi sahihi na mabega mabaya. Ya tatu nilimlaza nyuma zaidi ya nilivyothubutu kabla, nikanyoosha mikono, nikayaachanisha makombe, na kisigino cha kushoto nikakizamisha mchangani mpaka kifundo. Kisha nikampelekea mzee. Alikuwa palepale, juu ya nyavu.

Aliitazama tena kwa muda. "Sasa anavuta," akasema. Halafu akaweka kidole katikati ya karatasi, kati ya mtu na mtumbwi. "Lakini kama anavuta hivi, mbona kamba imelala?"

Nikafuta kamba kwa kidole gumba, nikaichora upya imenyooka.