Tata wa Ibighi na tata la kamusi

Ibighi wilayani Rungwe, kwa Wanyakyusa, asubuhi ya mvua, mtoto aliyepewa ndizi ya kuchoma huipokea na kushukuru: "Ndaga, tata." Ahsante, baba. Mswahili wa pwani akilisikia neno hilo hufikiria kitu kingine kabisa. Kwake tata ni uzi uliojifunga, hauna mwanzo wala mwisho. Humo yametoka matata, tatizo na utata. Na kama tunavyofunga kisha tukafungua, tata nalo limezaa dawa yake: tatua.

Je, baba huyu na fundo hilo ni ndugu? Hapa ndipo ninapouheshimu ufundi wa mtunga kamusi. Hadanganywi na sauti. Kila neno hulihoji: umezaa maneno gani, na jamaa zako ni nani? Fundo huonyesha watoto wake, tatizo na utata. Baba wa Kinyakyusa huonyesha jamaa wengine: baba yako ni uguso, baba yake ni ugwise, na tata ni pia ndugu wa kiume wa baba, wale tunaowaita baba mkubwa na baba mdogo. Ni koo mbili zilizokutana kwenye sauti moja.

Uchunguzi hauishii hapo. Waganda husema taata. Waxhosa walimwita Nelson Mandela Tata. Utasema ni damu ya Kibantu. Lakini Wapolandi na Waromania nao humwita baba tata! Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza kwamba majina ya wazazi hufanana duniani kwa sababu hutokana na sauti nyepesi ambazo kinywa cha mtoto huziweza mapema. Kufanana si lazima kuwe undugu.

Kazi yote hiyo huishia kwenye namba ndogo kando ya kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa kwenye kamusi. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu utazame kaa: wa baharini, la moto, na kitendo cha kuketi, kila moja na namba yake. Namba hizo ni jasho la mtu aliyekataa kubahatisha.

Mwaka 1996 Knut Felberg alichapisha kamusi ya Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili. Kazi haijaisha. Kijana wa Rungwe, keti na wazee, uliza, andika. Neno lisiloandikwa huzikwa na msemaji wake.